Kukata Kabla ya Lori

"Acha hiyo," Penina alisema bila kugeuza shingo. "Nikishatupa nimetupa."

Nyuma yake, hatua kama tano, Ikram alikuwa amechuchumaa kati ya mistari ya mizabibu, ungo umelala mapajani, akiokota zabibu moja moja kutoka mchangani. Aliipuliza kila moja, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaitia kwenye ungo. Hakujibu. Ilikuwa miaka miwili tangu aolewe na Jordan, mtoto wa pekee wa Penina, na alikuwa ameshajifunza kwamba katika kaya hii jibu zuri na jibu baya yanapokelewa kwa uso mmoja.

Penina alikuwa kwenye mzabibu wa sita wa mstari wa nne. Mkono wa kushoto ulishika kichala kwa kikonyo. Mkono wa kulia ulitafuta punje zilizoanza kunywea, na kila aliyoipata aliing'oa kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kama mtu anayemtoa chawa mtoto aliyelala. Punje iliyonywea ni aibu. Ikionekana moja tu juu ya kreti, yule bwana wa kiwanda cha mvinyo anayekuja na kipimo chake cha sukari, ambaye wakulima wenzake Penina walimwita Bwana Sukari, ataichukua kwa vidole viwili, ataiinua watu waione, atauliza, "Mwenye hizi alikuwa amelala?" Watu watacheka. Kwa miaka kumi na tisa Penina alicheka pamoja nao. Hajawahi kuchekwa.

Lori la kiwanda lilikuwa lije Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo ilikuwa Jumatano, siku tisa zimepita. Maji ya kumwagilia alishayafunga wiki tatu kabla, kama inavyotakiwa, ili sukari ipande. Ilipanda. Ikafika. Sasa ilikuwa inapita, na kila asubuhi punje za kung'oa zilikuwa nyingi kuliko za jana. Robo eka, mistari kumi na minne. Uwele ulikauka ukiwa unafika magotini kwa kukosa mvua, kihenge kilibaki na vumbi na mende, kwa hiyo zabibu hizi ndizo zilizotakiwa kugeuka mahindi. Zisipogeuka, hapakuwa na kitu kingine cha kugeuza.

Na hakuna aliyeruhusiwa kukata. Sheria ya kikundi cha wakulima ilikuwa moja, hata watoto waliijua: kichala hakikatwi kabla Bwana Sukari hajakipima kikiwa mtini. Anayekata mapema anafutwa kwenye orodha ya msimu, na lori likija linampita na kreti zake kama halimwoni.

"Mama," Ikram alisema mwishowe, bado amechuchumaa, "zile za wiki iliyopita zimekauka. Ziko tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Kwa kuliwa. Za kwanza zilioza. Za pili nikachovya kwenye maji ya majivu, zikawa na harufu ya jiko. Hizi nimechovya kwenye maji ya moto yenye magadi. Ganda linachanika kidogo, unyevu unatoka. Siku sita tu, mama. Njoo uonje."

"Nionje takataka yangu mwenyewe?"

"Mlenda si unaukausha?"

"Mlenda ni mboga. Hii ni zabibu." Penina aligeuka sasa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu usiotoka hata kwa mchanga. "Halafu tangu lini wewe ukashika zabibu zangu? Msimu wa kwanza ulipofika hapa ulisemaje?"

Ikram alipuliza punje nyingine.

"Sema. Ulisemaje?"

"Nilisema nitapalilia, nitamwagilia, nitapogoa ukinifundisha. Ila kreti la kwenda kutengenezwa pombe sitabeba."

"Na hukubeba. Nilibeba mimi na mgongo huu, misimu minne." Huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Penina alikuwa ameihesabu yote. "Mwaka jana zilikuwa haramu. Mwaka huu zimesilimu?"

"Zabibu hazina kosa, mama. Kosa liko kule zinakokwenda."

"Haziendi popote isipokuwa kwenye lori."

Wakati huo baiskeli ililia pembeni mwa uzio wa minyaa. Alikuwa Methusela, mwenyekiti wa kikundi, mzee mrefu mwenye koti la suti lililobaki kifungo kimoja. Hakushuka. Aliweka mguu mmoja chini, mwingine akauacha kwenye pedeli, kama mtu ambaye hataki swali la pili.

"Mbukwenyi, mama Jordan," alisalimia kwa Kigogo.

"Lori," Penina alisema.

"Kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Jana nilisema kesho, na wao wakasema kesho. Mimi silali na dereva, mama Jordan. Napeleka maneno kama nilivyopewa." Macho yake yalishuka mpaka kwenye ungo. "Huyu anakata?"

"Anaokota uchafu."

"Afadhali. Maana nikisikia mtu amekata, mimi kalamu yangu haina shemeji." Akasukuma pedeli, akaondoka, koti likipepea mgongoni.

Penina alirudi kwenye kichala chake. "Umesikia," alisema. "Kesho."

Ikram aliinuka na ungo. "Mama, kuna jambo. Shangazi yangu Mwamvua anakuja leo kutoka Kondoa. Anauza viungo. Nimempigia simu azione."

Ukucha wa Penina ulisimama juu ya punje. "Umempigia kwa ruhusa ya nani?"

"Ya Jordan."

"Jordan anafunga nondo kwenye majengo ya Mtumba. Hajui hata mstari wa nne uko wapi." Akaing'oa punje, na pamoja nayo, kwa bahati mbaya, nyingine mbili nzima. Alizitazama kiganjani. Kisha akazitupa mbali, ng'ambo ya uzio, mahali ambapo Ikram asingeweza kuokota.

*

Shangazi Mwamvua alishuka kwenye basi saa sita kasoro, mwanamke mnene mwenye baibui lililofifia mabegani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Penina alimkuta ameshaketi uani, kwenye kiti cha plastiki chenye ufa, ambacho wageni wa heshima hawakupewa.

"Karibu, mkwe," Penina alisema. "Kuku yupo, ila nikimchinja mimi hamtamla."

"Usijali, mkwe. Nimekuja na mkate wangu."

Walisalimiana hivyo, bila mkono. Ikram alipanda ngazi ya miti hadi juu ya jiko. Jiko lilikuwa tembe la zamani, kuta za udongo na dari la udongo lililolala bapa, alilojenga marehemu Bartolomayo, mume wa Penina, kabla hajajenga nyumba ya bati. Juu ya dari hilo Penina alianika mlenda wake kila mwaka. Ikram alishuka na sahani imejaa zabibu ndogo nyeusi, zimejikunja, zinang'aa kidogo kama mbegu za papai zilizokaushwa.

Mwamvua alichukua tatu, akatafuna upande mmoja wa mdomo, macho ameyafumba. Ikasikika kitu kikivunjika kati ya meno. Alitema kiganjani, akasogeza miwani.

"Zina kokwa."

"Ni zabibu za mvinyo," Penina alisema. "Hazikupandwa kwa ajili ya meno yako."

"Kumbe zilikuwa ziende kwenye chupa, zikakosa nauli."

"Shangazi," Ikram alisema kwa sauti ya chini.

"Niache, mwanangu, nazungumza na mkwe wangu." Mwamvua alichukua tena, tano mara hii, akatafuna. "Tamu. Hilo siwezi kukataa hata nikitaka. Za dukani zinazotoka Dar zina sukari ya juu juu. Hii imeingia mpaka ndani." Akamgeukia Penina. "Sikiliza. Maulidi imebaki wiki mbili na nusu. Kondoa nzima itapika pilau, na pilau la Maulidi bila zabibu mtu anaona kama amepunjwa. Kokwa nitawaambia ni za asili, za hapa hapa, daktari anazipenda. Watatema, watarudi. Lakini sahani moja ya kuokotwa mchangani siwezi kuifungulia duka. Nataka magunia. Mkianza kukata leo, zitakauka kwa wakati. Mkianza Jumamosi, zitakauka watu wameshanunua za Dar."

"Unalipa sasa?" Ikram aliuliza.

"Silipi kitu ambacho bado kiko juu ya mti. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja. Nitaonja. Zikiwa na mchanga, naziacha hapa hapa."

Penina alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Kwa hiyo nikate zabibu zangu, nifutwe jina, nizichemshe kama maharage, halafu wewe uje uonje useme hapana."

"Ndiyo."

"Zabibu zangu zina mwenyewe, mkwe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Kuku mmoja alipita katikati yao, akadonoa kokwa iliyotemwa, akaendelea na safari yake.

"Mimi sikubembelezi," Mwamvua alisema akijiinua kutoka kwenye kiti, na ufa wa kiti ukalia. "Mlimchukua mtoto wetu mkafunga ndoa bomani, hatukualikwa hata chai, tukanyamaza. Hili nalo nitanyamaza. Basi la saa nane nalidaka pale barabarani."

Alipoondoka, Ikram aliosha kikombe cha maji ambacho shangazi yake hakukigusa. Alikiosha mara mbili. Penina alisubiri aseme neno, amjibu, wamalizane. Ikram alikifunika kikombe juu ya kichanja, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba.

*

Saa tisa Penina alijifunga khanga ya pili akatoka kwenda kwa Methusela. Alikuwa na shauri moja tu kichwani: mwenyekiti apige simu kiwandani yeye akiwepo, asikie kwa sikio lake mwenyewe neno kesho, arudi nalo nyumbani amtupie yule binti.

Hodi ya mlangoni haikujibiwa. Lakini baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, na kutoka nyuma ya nyumba zilisikika sauti za nguruwe, nzito, za kivivu. Na harufu. Harufu ile Penina aliifahamu kama mtu anavyofahamu jasho la mumewe: zabibu zilizoanza kuchacha.

Alizunguka nyumba.

Methusela alikuwa amevua koti. Alisimama mbele ya banda la nguruwe na kreti mikononi, anamwaga. Nyuma yake kreti nyingine zilipangwa mpaka usawa wa kifua, zote zimejaa, zote zimelowa chini, nyuki wamezijaa. Ndani ya banda nguruwe mmoja alikuwa amelala kwa ubavu na pua ndani ya zabibu, akila bila kunyanyuka. Mwingine alijaribu kutembea, miguu ya nyuma ikaenda kushoto, ya mbele kulia, akaketi.

"Mwenyekiti," Penina alisema.

Kreti lilibaki hewani. Kisha Methusela akamalizia kumwaga, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kulirudisha.

"Umekata," Penina alisema. "Umekata lini?"

"Wiki iliyopita. Alhamisi."

"Na lori?"

Mzee aliweka kreti chini, akaligeuza, akakaa juu yake. Bila koti alionekana mdogo. "Halitakuja, mama Jordan. Matangi yao yamejaa mvinyo wa mwaka jana. Waliniambia kabla hata ya ile Jumatatu. Msimu huu hawanunui huku kwetu."

Penina alikuwa akimtazama yule nguruwe aliyeketi.

"Ningewaambiaje? Watu arobaini. Mliniweka mwenyekiti kwa sababu ya lori. Ningesimama pale bandani kwenye mizani niseme halipo, mngeninyofoa. Nikasema kesho. Nikaona kesho wanaweza wakabadilisha mawazo. Kila siku nikasema hivyo hivyo. Mwisho nikawa naamini na mimi, mpaka nikiamka nasikiliza barabarani."

"Asubuhi ulikuja kwangu ukaniambia kalamu yako haina shemeji."

"Ningewaruhusu mkate, mngejua."

"Zangu zimekaa mtini siku tisa, Methusela." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake tupu, bila mzee, bila mwenyekiti. "Siku tisa nang'oa punje kwa ukucha. Wewe unalisha nguruwe."

Methusela aliinua uso, na ndani ya aibu yake kulikuwa na uchokozi kidogo, kama mtu aliyebanwa ukutani anayekumbuka kuwa naye ana meno. "Ningekwambia wewe, ungekubali? Wewe, mama Jordan? Ungesema Methusela ni mwongo, ungekwenda kusimama barabarani na mkasi wako. Wengine wote wameshanishtukia. Wanakata usiku, wanapelekea ng'ombe, wanakamua mchuzi wa zabibu wanauza kwa chupa. Umebaki wewe tu na orodha."

Nguruwe aliyeketi alilala. Penina aliokota jiwe dogo, akalishika muda, kisha akalidondosha pale pale alipolitoa.

"Jumapili usinipe amani kanisani," alisema. "Kaa benchi lingine."

*

Njia ya kurudi inapita kwenye lami, pale kwenye banda la mizani lori linaposimama. Alikuwa na kila sababu ya kupita moja kwa moja. Miguu yake ilisimama.

Alikaa kwenye gogo la nje ya banda. Lilipita lori la saruji. Likapita la ng'ombe, mikia imetoka kati ya mbao. Likapita moja tupu, lenye turubai la bluu kama lile la kiwanda, na Penina akajikuta ameshanyanyuka, ameshakaza khanga kiunoni, mkono mmoja ameuinua usawa wa sikio. Dereva alipiga honi akidhani anasalimiwa. Penina alishusha mkono. Akautazama, mkono ule, kama unamwonea.

Alikaa tena. Yalipita mengine mawili. La pili alijizuia kulitazama, akaweza, lakini shingo ilimuuma.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limeshapita juu ya jiko. Ikram alikuwa anachambua mchele kwenye ungo ule ule. Penina hakumtazama. Aliingia ndani, akatoka na mikasi miwili ya kupogolea, mmoja mpya wa Jordan uliokuwa bado na mafuta. Ule mpya akauweka juu ya mchele.

"Magadi yako unayo kiasi gani?"

Ikram aliangalia mkasi. "Pakiti nne."

"Bandika sufuria kubwa. Lile la msibani."

"Mama, lori?"

"Nimekuuliza habari ya lori? Bandika sufuria."

Ikram alisimama, mchele ukamwagika kidogo. "Tunakata zote?"

"Mstari wa kwanza mpaka wa kumi."

"Na ile minne ya barabarani?"

"Nimesema wa kwanza mpaka wa kumi. Na usifikiri umenishinda. Shangazi yako akija akasema mchanga, utazila wewe, moja moja, mbele yangu."

"Nitazila."

"Na kokwa zake."

"Na kokwa zake, mama."

Wakaingia shambani. Kuna toroli ambalo Penina alipewa na kikundi mwaka aliopata zabibu bora, na tangu siku hiyo halikubeba samadi wala maji. Alilisukuma mpaka kichwani mwa mstari wa kwanza, akalitandika gunia safi. Alikata kichala cha kwanza, akakilaza. Hakikuwa na uzito aliouzoea. Kilikuwa kimeshaanza kwenda.

Ikram alikata cha kwake kwa kukikumbatia kwa kiganja.

"Usishike punje," Penina alisema. "Shika kikonyo. Huoni huo unga mweupe? Hiyo ndiyo nguo yake. Ukiisugua anabaki uchi."

"Mama, tunakwenda kuitia kwenye maji ya moto."

"Najua tunakokwenda. Shika kikonyo."

Ikram akashika kikonyo. Wakakata, kila mmoja upande wake wa waya, majani katikati yao, mikasi ikijibizana badala ya vinywa. Nyigu walikuwa wengi. Ikram aliumwa mara mbili na hakusema, Penina aliona na hakusema. Toroli lilipojaa, Penina alishika kishikio kwa mazoea, lakini Ikram alikuwa ameshatangulia, ameinama, ameliinua. Lilikuwa zito. Alitikisika nalo kwenye mchanga mpaka jikoni, na Penina akabaki amesimama na mikono mitupu mbele yake, hajui aiweke wapi.

Kwenye mafiga maji yalikuwa yanachemka, meupe kidogo kwa magadi.

"Nahesabu mpaka ngapi?"

"Thelathini. Ukizidisha zinaiva."

Penina alifunga kichala kwa kamba ya mkonge, akakiinua juu ya mvuke. Bartolomayo alikuwa akisema mkulima wa zabibu anajulikana kwa unga ulioko kwenye zabibu zake, kama umebaki ama amezishikashika. Mkono ulikawia.

Akashusha. Alihesabu kwa Kigogo, midomo ikicheza. Alipokitoa, unga ulikuwa umekwenda. Zabibu zilikuwa nyeusi tupu, zinang'aa, na kwenye ganda la kila moja kulikuwa na mipasuko midogo sana, kama ya kisigino cha kiangazi. Alizigeuza huku na huku. Alizisogeza karibu na jicho.

"Mbaya," alisema. Akafunga kichala kingine.

Walikwenda hivyo, shamba na jiko, jiko na dari. Mstari wa kwanza ulikwisha, ukaisha wa pili. Kwenye wa tatu walikuta mizabibu miwili iliyooza kabisa, wakaiacha kwa nyigu. Penina alisema hapana mara nyingi. Hapana, usimwage, panga. Hapana, si hapo, hapo kuna mavi ya njiwa. Ikram alimjibu mara moja tu: "Basi panga wewe, mimi nichovye." Na Penina, ambaye hakuwahi kuambiwa neno basi na mke wa mtoto wake, alipanga. Walipomaliza mstari wa tatu dari lilikuwa limejaa theluthi, na walijua saba iliyobaki ingekula siku nzima ya kesho na keshokutwa.

Ikram alisukuma toroli la mwisho. Kutoka jikoni alisikia mkasi bado unalia shambani, na haukuwa unalia upande wa mstari wa nne. Ulikuwa upande wa barabara, kwenye ile minne iliyoachiwa lori.

Alipanga zabibu alizobakiwa nazo, hakuuliza.

Saa kumi na mbili upepo ulishuka kutoka upande wa Kondoa, ule wa mwezi wa nane usio na adabu. Walikuwa wamezifunika zabibu kwa vyandarua viwili vilivyoshonwa pamoja, kwa ajili ya vumbi na ndege, na kona mbili walikuwa wamezikandamiza kwa matofali. Kona mbili zilizobaki hazikuwa na kitu. Huku kwao mawe ni ya kutafuta, na mafiga yalikuwa bado ya moto chini ya sufuria. Chandarua kilinyanyuka. Ikram alikikalia upande mmoja. Penina alipanda ngazi, akakalia mwingine. Wakakaa hivyo, wamepeana migongo, kila mmoja uzito wa kona yake, wanatazama pande mbili za nchi.

Jua likazama. Upepo haukuacha.

"Saa yenu ya kuswali si imefika?" Penina aliuliza mbele yake, kama anauliza mizabibu.

"Imefika."

"Sasa unangoja nini?"

"Nikinyanyuka kitaruka."

Penina alishusha pumzi kwa hasira. Akavua kandambili. Akajilaza chali ukingoni mwa dari, ubavu mmoja juu ya chandarua, kichwa kwenye kona yake, na akanyoosha miguu, mifupi kama ilivyokuwa, mpaka visigino vikafika mahali Ikram alipokaa, vikamsukuma kiunoni.

"Nenda. Na usikawie huko."

Ikram alishuka ngazi. Chini maji yalimiminwa kutoka kwenye birika, mikono, mdomo, uso, miguu. Penina alilala hajageuka, udongo wa dari bado una joto la mchana mgongoni, na ubavuni mwake chandarua kilijaa upepo, kikashuka juu ya zabibu, kikajaa tena.